Je, wajua kwa nini klabu moja ya Uskoti ilimaliza ligi nzima bila kushinda hata mechi moja?

Msimu wa 2017–18 ulipofungwa, Brechin City walikuwa wamecheza mechi 36 za ligi. Walitoka sare 4 na kufungwa 32. Ushindi: sifuri. Walifunga mabao 20, wakafungwa 90, wakaambulia pointi 4. Mashabiki wengi wa Ligi Kuu ya England hutaja Derby County wa 2007–08 kama kipimo cha timu mbovu, wale waliomaliza na pointi 11. Lakini hata Derby walishinda mara moja.

Kwa Uskoti, jambo hilo lilikuwa halijatokea tangu Vale of Leven wa msimu wa 1891–92, waliocheza mechi 22, wakatoka sare 5 na kupoteza 17. Na hao Vale of Leven hawakuwa wababaishaji: walitwaa Kombe la Uskoti mara tatu mfululizo, 1877 hadi 1879, na walikuwa miongoni mwa waasisi wa ligi mwaka 1890. Kilichowamaliza ni kwamba miji mikubwa ilianza kulipa wachezaji, na kijiji hakikuweza kushindana. Shikilia hilo, maana Brechin nao waliangushwa na jambo la jamii hiyo hiyo.

Wengi watajibu haraka kwamba timu ilikuwa mbovu. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu mwaka mmoja kabla timu hii hii ilikuwa inashangilia. Ili kuelewa msimu wa aibu, lazima uanze na msimu wa furaha.

Mpira wa kulipwa wa Uskoti una klabu 42: 12 ziko Ligi Kuu, kisha kuna madaraja matatu ya timu 10 kila moja, yaani Championship, League One na League Two. Mwaka 2017 Brechin walimaliza wa nne katika League One, nyuma sana ya mabingwa Livingston. Kwa kawaida nafasi ya nne ni ya kupeana mikono na kwenda likizo. Lakini kanuni inasema timu ya pili, ya tatu na ya nne zinaingia kwenye mchujo pamoja na timu ya tisa ya Championship, na mshindi anacheza daraja la juu. Brechin wakawatoa Raith Rovers kwa matuta. Kwenye fainali wakakutana na Alloa Athletic, matokeo ya jumla yakawa 4–4, wakashinda tena kwa matuta. Timu ya nne ikapanda daraja kwa mikwaju ya penalti, mara mbili.

Hakuna aliyepaswa kuwalaumu kwa kufurahi. Brechin ni mji wa watu kama 7,000 hivi katika eneo la Angus, kaskazini mashariki mwa Uskoti. Una kanisa kuu la kale, na ndiyo maana wenyeji huuita jiji. Klabu ilianzishwa mwaka 1906, na uwanja wake, Glebe Park, unajulikana kwa kitu kimoja ambacho huwezi kukiona kwingine katika soka ya kulipwa ya nchi hiyo: upande mmoja hauna jukwaa wala ukuta, una ua wa miti ulioshonana, unaopunguzwa kwa mkasi kama ule wa nyumba ya mtu. Mpira ukipaa kidogo, unatumbukia upande wa pili. Kwenye uwanja huo sasa walikuwa wanakuja Dundee United, timu iliyocheza fainali ya Kombe la UEFA mwaka 1987.

Sasa tazama tofauti ilipolala. Kati ya timu 10 za Championship msimu huo, ni mbili tu ambazo wachezaji wake hawakuwa wakiishi kwa mpira peke yake: Brechin na Dumbarton. Mchezaji wa timu ya namna hii ana kazi nyingine. Ni fundi umeme, mwalimu, dereva, mwanafunzi. Anatoka kazini jioni, anaendesha gari kwenda mazoezini, mara nyingi siku mbili kwa wiki, anafanya mazoezi chini ya taa kwenye baridi, anafika nyumbani usiku na asubuhi anaamkia kibaruani. Mpinzani wake wa Jumamosi amefanya mazoezi kila asubuhi, amekula chakula cha mchana klabuni, amelala, ametazama video za mechi na kukandwa misuli. Kwa dakika 60 tofauti hiyo inaweza kufichwa na moyo wa kujituma. Kwenye dakika 30 za mwisho miguu ndiyo inayosema ukweli.

Ongeza safari. Kwenda Dumfries kucheza na Queen of the South ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Brechin, na bado kuna Inverness upande wa kaskazini na Greenock magharibi. Mechi ikipangwa katikati ya wiki, kuna mchezaji anayelazimika kumwomba bosi wake ruhusa.

Muundo wa ligi nao uliwabana. Katika ligi ya timu 20, timu dhaifu inakutana na dhaifu wenzake mara nyingi, na hapo ndipo inapookota pointi. Katika ligi ya timu 10 kila mpinzani unakutana naye mara nne. Brechin walikuwa na mwenzao mmoja tu wa hali yao, Dumbarton, yaani mechi nne. Nyingine 32 zote zilikuwa dhidi ya watu wanaoamka asubuhi kwa ajili ya mpira.

Hata hivyo, kuwa dhaifu na kutoshinda kabisa ni vitu viwili tofauti, na hapa hesabu inasaidia. Tuseme timu ina nafasi ya 15 katika 100 ya kushinda kila mechi. Hiyo ni timu mbovu sana. Lakini nafasi yake ya kumaliza mechi 36 bila ushindi ni kama 3 tu katika 1,000. Ishushe hadi 10 katika 100 kwa kila mechi, na nafasi ya msimu mkavu inakuwa kama 2 katika 100. Brechin walifunga wastani wa bao 0.56 kwa mechi na kufungwa 2.5. Ukipiga hesabu kwa wastani huo, kana kwamba mabao yanaanguka bila mpangilio, nafasi yao ya kushinda mechi moja inatoka kama 6 katika 100, na ya kukosa ushindi mara zote 36 inatoka takriban 1 katika 10. Maana yake, hata kwa udhaifu ule, mara tisa kati ya kumi wangeokota walau ushindi mmoja mahali fulani. Bahati mbaya ilikuwa na sehemu yake.

Na kuna kitu ambacho hesabu hiyo haikioni. Inachukulia kila mechi kama inaanza upya, wakati binadamu hawaanzi upya. Timu ambayo haijashinda tangu Agosti, ikiongoza kwa bao moja mwezi Februari, hailindi bao moja tu. Inalinda miezi yote ile. Beki anautoa mpira nje badala ya kumpasia mwenzake, kiungo anarudi nyuma mno, na golikipa anachelewesha mpira mapema mno. Mpinzani naye anajua, na hataki kuwa timu ya kwanza kufungwa na Brechin, kwa hiyo anakaza kuliko ambavyo angekaza kwa timu ya saba.

Kilichonigusa zaidi katika habari hii ni kwamba kocha hakufukuzwa. Darren Dods, beki wa zamani aliyewahi kuchezea Hibernian na Dundee United, ndiye aliyewapandisha, na uongozi ukamwacha amalize msimu wote. Walijua walichokuwa wamekipata na bei yake. Klabu ambayo ingekopa pesa ili kusajili wachezaji wa kulipwa kwa msimu mmoja ingeweza kushinda mechi nne au tano, ikashuka vilevile, kisha ikabaki na madeni. Kwa maoni yangu walichagua sawasawa, ingawa kila Jumamosi iliuma. Tena Dumbarton, mwenzao wa kufanya kazi mchana na mpira jioni, naye alishuka msimu huo huo.

Kipato kidogo kimeleta misimu ya ajabu mahali pengine Uskoti. East Stirlingshire wa Falkirk, klabu ambayo Alex Ferguson alianzia kazi ya ukocha mwaka 1974 na kukuta haina hata golikipa mmoja kwenye orodha, walifika msimu wa 2003–04 wakiwalipa wachezaji pauni 10 kwa wiki. Walipata pointi 8 katika mechi 36, na walifungwa mabao 118. Walikuwa daraja la chini kabisa, na wakati huo hakukuwa na mlango wa kutokea. Ukiburuza mkia mwaka huu, mwakani unaanza tena pale pale.

Mlango huo ulifunguliwa kuanzia msimu wa 2014–15. Hapo timu ya mwisho ya League Two ikaanza kulazimika kucheza mchujo na bingwa wa ligi za chini yake, Highland League ya kaskazini na Lowland League ya kusini. Mpaka wa kugawa kaskazini na kusini ni mstari uliopitishwa katikati ya daraja la Mto Tay pale Dundee. Majirani wa Brechin, Montrose, walikuwa wa kwanza kuuvuka mtihani huo, walipowashinda Brora Rangers mwaka 2015. East Stirlingshire walikuwa wa kwanza kuanguka, mbele ya Edinburgh City, mwaka 2016.

Kwa Brechin, ule msimu wa sifuri haukuishia pale. Walirudi League One na kushuka tena mwaka 2019. Mwaka 2020 walikuwa mkiani mwa League Two, wakanusurika kwa sababu korona ilisimamisha ligi na mchujo haukuchezwa. Mwaka 2021 walikuwa mkiani tena, na safari hii mchujo ulikuwepo. Kelty Hearts, chini ya Barry Ferguson aliyekuwa nahodha wa Rangers, waliwafunga nyumbani na ugenini, jumla 3–1, na Brechin wakatoka kwenye ligi ya taifa. Kutoka matuta ya Alloa hadi hapo ilikuwa miaka minne tu.

Kwa kuwa mji wao uko kaskazini mwa ule mstari wa Tay, walipelekwa Highland League. Huko walishinda mechi nyingi, na mwaka 2023 wakawa mabingwa. Lakini wakati huo ubingwa wa huko haukupandisha timu moja kwa moja. Bingwa wa Highland alikutana kwanza na bingwa wa Lowland, kisha aliyeshinda ndiye aliyekwenda kupambana na timu ya mwisho ya League Two. Mwaka huo Brechin walitolewa katika hatua ya kwanza na Spartans wa Edinburgh, na msimu uliofuata wakaanza tena Highland.