Msaada wa karo jeshini hauli miezi ya GI Bill

Utasikia askari wa Marekani, hata vijana wetu waliojiunga huko, wakiukwepa msaada wa karo wa jeshi eti utakula miezi yao 36 ya GI Bill, mpango wa serikali ya Marekani wa kulipia masomo ya askari na waliowahi kuwa askari. Sivyo. Huo ni mfuko mwingine: jeshi lako hulipa ungali kazini, hadi dola 250 kwa krediti (kipimo cha uzito wa somo chuoni), kikomo dola 4,500 kwa mwaka wa fedha unaoanza Oktoba 1. Miezi huguswa tu ukiomba GI Bill ijazie karo iliyobaki.

Cha kuogopa kiko kwingine. Vitabu ni juu yako, idhini lazima itoke kabla somo halijaanza, na ukiambulia D kwenye somo la shahada ya kwanza, karo unairudisha. Afisa naye hulazimika kubaki kazini angalau miaka 2 baada ya kumaliza somo.