Sifuri na pengo: maana ya data isipotee

Ninasimamia data za miradi ya utafiti hapa Kisumu, nyingi zikihusu uvuvi na afya. Wanafunzi wa uzamili wakija, huuliza kwanza wahifadhi faili wapi. Hilo ni jepesi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na ulipo. Kinachonikosesha usingizi ni faili iliyo salama kabisa ambayo hakuna tena anayejua inasema nini.

Chukua safu wima yenye jina "urefu" kwenye jedwali la mbuta (sangara) waliopimwa ufuoni Dunga. Ni sentimita au milimita? Mlipima hadi ncha ya mkia, au mliishia mkia unapoanzia? Mbuta anayeruhusiwa kuvuliwa Ziwa Victoria ni wa kuanzia sentimita 50, mkia ukihesabiwa. Ukipima bila mkia na usiandike popote, samaki halali ataonekana mchanga, na tasnifu yako itawasingizia wavuvi.

Saa nazo! Msaidizi ameandika mtumbwi ulitua 2:30. Kwa kusema kwetu hiyo ni saa mbili na nusu asubuhi, lakini kompyuta itaisoma kuwa saa nane na nusu usiku. Kubalianeni kabla ya kutoka kwamba asubuhi hiyo itaandikwa 08:30. Tarehe zianze na mwaka, 2024-04-03, ili Aprili isisomwe Machi.

Lakini linaloharibu zaidi ni sifuri. Sifuri maana yake wavuvi walitoka wakarudi mikono mitupu. Nafasi tupu maana yake hatukupima: labda ziwa lilichafuka, labda msaidizi aliugua. Ukijaza sifuri kila penye pengo, wastani wa mavuno unashuka, na programu ya takwimu haitakuonya. Ndiyo maana nadai kamusi ya data kabla ya samaki wa kwanza kupimwa: jina la safu, kipimo, namna ya kupima, na alama ya kisichopimwa. Faili ghafi isiguswe. Sahihisha kwenye nakala.

Kwa data za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Majina yakae faili yake, chini ya nenosiri; kwenye jedwali zibaki namba. Hata hivyo, katika kijiji kidogo, umri, kazi na idadi ya watoto vinatosha kumtambulisha mama wa watu, kwa hiyo kabla ya kumpa mwenzako jedwali, geuza umri kuwa makundi na uondoe jina la kijiji.