Haki ya mwenza si upendeleo
Hapa Mbeya husemwa tangu zamani kwamba watumishi wa serikali kuu ya Marekani waliofunga ndoa na watu wa jinsia yao walipewa upendeleo wa pekee. Sivyo. Kifungu cha sheria ya mwaka 1996 kiliikataza serikali hiyo kuzitambua ndoa hizo, hivyo mtumishi aliyeoana kihalali katika jimbo la Massachusetts mwaka 2004 alikatwa mshahara kwa ajili ya pensheni sawa na wenzake ofisini, lakini alipofariki, mwenza aliyemuuguza hakuhesabiwa kuwa mjane wala mgane, na mwalimu yeyote wa Iringa aliyewahi kujaza fomu ya warithi anajua uchungu wa jambo hilo. Mahakama ya Juu ilipokibatilisha kifungu hicho Juni 2013, kwa haki kabisa naamini, wenza hao waliingizwa kwenye bima na pensheni zilezile za watumishi wote.