Funga daftari kwanza: namna ya kujisomea kemia ili alama zipande

Nimefundisha kemia katika shule za sekondari hapa Tanzania kwa miaka mingi, na kila matokeo ya mtihani wa mock yanapotoka wazazi huniuliza jambo lile lile: mtoto anakesha na daftari lake, analijua ukurasa kwa ukurasa, iweje apate D? Swali hilo huniumiza, kwa sababu mara nyingi ni kweli kwamba mtoto amejitahidi. Tatizo ni kwamba saa zake nyingi amezitumia kurudia kusoma yale aliyokwisha kuyasoma, na kadiri maandishi yanavyozidi kuzoeleka machoni ndivyo anavyozidi kuamini kwamba ameyaelewa, ilhali hajawahi kujaribu kuyatoa kichwani mwenyewe.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu kwa kutumia vifungu vifupi vya habari za kisayansi. Katika jaribio mojawapo, kundi la kwanza lilisoma kifungu katika vipindi vinne mfululizo, na kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu vilivyobaki likaandika yote liliyoyakumbuka bila kukitazama. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele, kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja hali iligeuka: walikumbuka asilimia 40, na wenzao waliojipima wakakumbuka 61. Mtihani wa Kidato cha Nne hauji dakika 5 baada ya kufunga daftari, kwa hiyo matokeo ya wiki ile ndiyo yanayotuhusu.

Ninachowaagiza wanafunzi wangu ni hiki. Ukimaliza kusoma mada, funga daftari, chukua karatasi tupu, uandike kila unachokikumbuka: kanuni, mchoro, mlinganyo, sababu. Kisha fungua daftari na usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Zoezi hili ni gumu na linakatisha tamaa mwanzoni, maana karatasi ya kwanza huwa na mistari michache tu, na wanafunzi wengi huliacha hapo hapo na kurudia kusoma, kwa kuwa kusoma hakuwaonyeshi mapengo yao. Nawasihi wasiliache. Lirudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Dakika 20 zilizogawanywa hivyo zina faida kuliko saa nzima ya usiku mmoja.

Kwenye hesabu za kemia kuna mtego mwingine, nao ni kutazama swali lililokwisha kukokotolewa ubaoni na kudhani unaweza kulikokotoa. Chukua swali la kawaida kabisa: sentimita za ujazo 20 za asidi ya sulfuriki yenye molariti 0.1 (yaani kila lita ina moli 0.1; moli ni kipimo cha wanakemia cha kiasi cha dutu) zimetosha kuondoa ubesi wa sentimita za ujazo 25 za hidroksidi ya sodiamu; tafuta molariti ya hidroksidi hiyo. Moli za asidi ni 0.002. Mlinganyo uliosawazishwa unasema moli 1 ya asidi huhitaji moli 2 za hidroksidi, kwa hiyo tuna moli 0.004 katika sentimita za ujazo 25, na jibu ni 0.16. Mwanafunzi aliyekuwa akifuatilia ubaoni tu huandika 0.08, kwa sababu hakuanza na mlinganyo. Kosa hilo nimelisahihisha mara nyingi kuliko kosa jingine lolote, na halitibiwi kwa kusoma upya mada yote ya moli.

Ndiyo maana ninadai kila mmoja awe na daftari la makosa. Jibu lililokosewa linaandikwa pamoja na sababu yake hasa: nilisahau kusawazisha, nilichanganya vipimo, swali lilitaka sababu mimi nikataja majina. Baada ya mwezi mwanafunzi hugundua kwamba makosa aliyoyadhani ni mengi yanatoka katika vyanzo viwili au vitatu, na hapo anajua jioni yake aitumie wapi. Mitihani ya miaka iliyopita ninaitumia kwa namna hiyo hiyo: ifanywe kwa muda uliopangwa, pasipo majibu pembeni, halafu kila alama iliyopotea itafutiwe chanzo.

Kuna ugumu ambao vitabu vingi vya ushauri haviugusi. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia sekondari na kukuta sayansi yote kwa Kiingereza, na kwa hofu anakariri sentensi asizozielewa. Mimi humtaka kwanza anieleze kwa Kiswahili, kwa sauti, kama anayemfundisha mdogo wake, kwa nini msumari ulioachwa kwenye mvua hushika kutu na uliopakwa grisi haushiki. Akiweza kusema kwamba grisi huzuia maji na oksijeni visifikie chuma, basi sayansi anayo. Kilichobaki ni kuandika sentensi hizo hizo mbili kwa Kiingereza bila kutazama, kuzilinganisha na kitabu, na kuyahamishia kwenye kadi ndogo yale maneno aliyoyakosa, ili yawe ya kwanza kuulizwa jioni inayofuata.