Kerneli haikodolei macho diski: dhana potofu kuhusu jedwali la patisheni

Mafundi kompyuta wa Mtwara mjini tunajua mengi, ila likija suala la kugawa diski katika sehemu, yaani patisheni, kwenye Linux kuna maneno tunarithishana bila mtu kuyapima. Mengine hayana madhara. Mengine yanapoteza data za watu, na minada ya korosho ikishaanza mwezi Oktoba, data hizo ni hesabu za wakulima kwenye vyama vya msingi.

Dhana: ukiandika jedwali jipya, kerneli inaliona palepale

Haioni. Kerneli ni kiini cha mfumo wa Linux; jedwali ni orodha ya mipaka ya patisheni, baiti zilizoandikwa kwenye diski, basi. Kwa mfumo wa zamani wa MBR limo ndani ya sekta ya kwanza yenye baiti 512, kuanzia baiti ya 446: nafasi nne, kila moja baiti 16. Kerneli hulisoma inapoitambua diski, yaani kompyuta inapowaka au unapochomeka diski ya nje, kisha huweka nakala yake kwenye RAM na kuendelea na kazi kwa nakala hiyo. Ukizibadilisha baiti zile kwa dd, amri inayoandika moja kwa moja kwenye diski, kwa kerneli ni maandishi kama mengine. Hulisoma upya ikiombwa, na ombi lenyewe linaitwa BLKRRPART.

Hapo vijana hubisha: "Bosi, mbona flashi nikiigawa inaonekana hapohapo?" Inaonekana kwa sababu fdisk, programu ya kugawa diski, ukibonyeza w, huandika jedwali na kutuma ombi hilo kwa niaba yako. Halafu ipo udev, ambayo huvizia: programu iliyofungua diski ili iandike ikishaifunga, udev huiambia kerneli isome tena. Lakini udev ni programu ya kawaida, si sehemu ya kerneli.

Dhana: ukiona "Device or resource busy", kazi imegoma au diski mbovu

Hii ndiyo inayoumiza. Jedwali jipya limeshaandikwa na diski ni nzima. Kilichokataliwa ni kusoma upya, kwa sababu patisheni mojawapo inatumika: imemauntiwa (imeunganishwa ili mafaili yake yatumike), ni swap (nafasi ya kusaidia RAM), au iko chini ya LVM (mfumo wa kuunganisha na kugawa nafasi za diski). Kerneli haikubali kuhamishiwa mipaka huku mafaili yako wazi, na iko sahihi kabisa.

Sasa una majedwali mawili, moja kwenye diski, jingine kwenye RAM, na hayafanani. Tuseme diski ni sda, na patisheni zake sda1, sda2 na kuendelea; sda1 ndiyo inayoendesha mfumo, nawe umepunguza sda3 kutoka GB 300 hadi 100 ili upate sda4. Amri ya fdisk -l inasoma diski, itakuonyesha 100. Amri ya lsblk inaiuliza kerneli, itakuonyesha 300. Ukipiga mkfs.ext4 kwenye sda3 saa hiyo, unatengeneza mfumo wa mafaili wa aina ya ext4 wenye GB 300. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa, patisheni inakuwa GB 100 na ext4 inakataa kumauntiwa kwa kuwa imezidi nafasi yake. Na sda4 ukiifomati, inaandika juu ya eneo ambalo sda3 inajua ni lake.

Kwa hiyo kabla ya mkfs, piga fdisk -l na lsblk na ulinganishe namba. Zisipofanana, usiguse kitu.

Dhana: dawa ni kuristati tu

Mara nyingi si lazima. Amri za partprobe na partx -u haziilazimishi kerneli kusoma jedwali lote upya; huiambia kerneli ongeza patisheni hii, ondoa ile, kila moja peke yake, kwa njia iitwayo BLKPG. Matoleo mapya ya fdisk hujaribu hivyo yenyewe. Tangu Linux 3.6 ya mwaka 2012, hata patisheni iliyomauntiwa inaweza kubadilishiwa ukubwa kwa njia hiyo, kisha amri ya resize2fs ikaipanua ext4 bila kuzima chochote.

Dhana: GPT inajigundua yenyewe ikibadilika

GPT, mfumo mpya wa jedwali uliochukua nafasi ya MBR, ina nakala ya akiba mwishoni mwa diski na hesabu ya CRC32 ya kugundua uharibifu. Vyote hukaguliwa wakati wa kusomwa. Kisiposomwa, hakuna kinachogunduliwa.

Windows nayo huhifadhi nakala yake. Ndiyo maana Disk Management, programu yake ya kusimamia diski, ina amri ya Rescan Disks. Na kwenye Linux, partprobe ikikataa kwa sababu patisheni unayoibadilisha yenyewe inatumika, i-anmaunti kwanza. Isipowezekana, hapo ndipo unaristati, makarani wakishafunga hesabu za siku.