Kibadilisha joto cha ekzosi: maana yake, na lini kinakarabatika

Kibadilisha joto ni chombo kinachohamisha joto kutoka kitu kimoja kwenda kingine bila kuvichanganya. Rejeta ni mfano wake unaojulikana zaidi: maji ya moto hupita ndani ya mirija, upepo hupita nje, na kinachovuka ni joto peke yake. Volkswagen Beetle na Porsche 911 za zamani, ambazo injini zake hupozwa kwa upepo, hazina rejeta, na hita yake hutegemea ekzosi, yaani mabomba yanayotoa moshi wa injini. Moshi hupita katika bomba la ndani. Upepo wa feni ya injini hupita kati ya bomba hilo na koti la bati linalolizunguka, hupata moto, kisha huingia ndani ya gari. Beetle ina mpangilio huu tangu magari ya mwaka 1963; yaliyotangulia yalitumia upepo uliokwisha kupita juu ya silinda, nao ulikuja na harufu ya oili.

Mkazi wa Tanga ana haki ya kuuliza hita ni ya nini katika mji ambao watu hulala madirisha wazi. Anayepanda Lushoto mwezi wa Julai anaijua faida yake, hasa kioo cha mbele kikishika ukungu. Lakini hata asiyeiwasha kamwe hawezi kukipuuza chombo hiki, kwa kuwa katika Beetle moshi wa silinda mbili za mbele hupita humo kabla ya kufika kwenye silensa. Kutu nayo hukishambulia pande zote mbili: nje ni chumvi ya upepo wa bahari, na ndani ni maji yanayotokana na petroli inapoungua, ambayo katika safari fupi, tuseme ya Raskazone hadi Ngamiani, hayapati muda wa kukauka.

Hapa ndipo tofauti kati ya kukarabati na kuunda upya inapoanzia. Koti likitoboka, hasara ni joto linalopotea, na fundi wa kuchomelea anaweza kukata sehemu iliyooza na kutia bati jipya. Bati hilo lisiwe la kuezekea, kwa sababu zinki yake ikichomwa hutoa moshi wenye madhara. Bomba la ndani likitoboka, moshi hukutana na upepo wa hita na kuingia mnamokaa abiria ukiwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini, kibeba-oksijeni cha damu, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa maoni yangu bomba la namna hiyo halitiwi kiraka. Koti hufunguliwa, bomba lote likabadilishwa, na flanji, yaani bapa za mwisho wa bomba zinazotiwa bolti, zikafungwa kwenye hedi ya silinda kabla ya weldi ya mwisho, maana zikipinda kidogo tu gasketi inayozuia moshi kuvuja haitakaa.

Kwa kuwa koti zuri huficha bomba bovu, macho hayatoshi. Kipimo ninachokiamini ni kile cha fundi baiskeli anayetafuta pancha: bomba la moshi huzibwa upande mmoja, hujazwa upepo kidogo upande wa pili, na chombo chote huzamishwa kwenye pipa la maji. Mapovu machache ya mwanzo hutoka kwenye upepo uliobaki ndani ya koti, kwa hiyo chombo kitikiswe kwanza. Yakiendelea kutoka mahali pamoja, hapo pana tundu.

Asiyetaka hita kabisa anaweza kuweka mabomba matupu yasiyo na koti. Akifanya hivyo, matundu mawili ya nyumba ya feni yaliyokuwa yakipeleka upepo kwenye hita lazima yazibwe, la sivyo sehemu ya upepo wa kupoza silinda itapotelea hapo, jambo ambalo injini haitalivumilia katika joto la Februari.