Tom na Jerry tuliowasikia dirishani

Katikati ya miaka ya tisini, Tanzania Bara ilikuwa ndiyo kwanza imepata vituo vya televisheni, na katika mtaa wetu wa Temeke nyumba yenye televisheni na deki ya video ilikuwa moja tu. Mama mwenye nyumba alituruhusu kuingia na kukaa mkekani mpaka mkeka ujae, na aliyechelewa alibaki nje, ameshikilia nondo za dirisha. Mimi nilichelewa mara nyingi, na kwa kuwa nilikuwa mfupi, sikuona kitu zaidi ya mwanga ukichezacheza darini. Hata hivyo nilicheka pale pale walipocheka wenzangu wa ndani. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilikuwa nikiwafuatisha tu. Leo, baada ya kufanya kazi ya uhariri wa sauti za filamu kwa muda mrefu, nina hakika kwamba nilicheka kwa sababu hadithi yote ilikuwa ikinifikia masikioni.

Filamu tulizozipenda zaidi ni zile katuni fupi 114 za Tom na Jerry ambazo William Hanna na Joseph Barbera walizitengeneza katika studio ya filamu ya MGM huko Marekani na kutolewa kati ya mwaka 1940 na 1958, saba kati yake zikitunukiwa Oscar. Paka Tom na panya Jerry karibu hawasemi neno, na ndiyo maana mtoto wa Temeke asiyejua Kiingereza hakupitwa na chochote. Kazi ambayo ingefanywa na maneno ilifanywa na muziki wa Scott Bradley.

Filamu hupita kwa fremu 24, yaani picha moja moja zinazoiunda, kila sekunde. Ukiamua kwamba mdundo uanguke kila baada ya fremu 12, unapata midundo miwili kwa sekunde, ambayo ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo. Ukiushusha hadi fremu 8, midundo inakuwa mitatu, na hapo Tom ameshaanza kukimbia. Hanna alipanga muda wa matendo kwa midundo ya namna hiyo, na Bradley akatunga muziki unaotua juu yake, hivyo kwamba Jerry anaponyata, nyuzi za fidla hudonolewa kwa kidole hatua kwa hatua, na Tom anapoporomoka ngazini, ala nazo huporomoka pamoja naye. Mtoto aliyeko nje ya dirisha hahitaji kuona ngazi.

Hata ule ukelele wa Tom, tulioigiza kila tulipojikwaa, una ufundi wake. Ni sauti ya Hanna mwenyewe: alirekodiwa akipiga kelele, kisha mwanzo na mwisho wa rekodi vikakatwa, ikabaki ile sehemu kali ya katikati peke yake. Sauti ya kawaida ya binadamu hupanda na kushuka, ilhali hii hutokea ghafla ikiwa tayari kileleni na kukatika ghafla. Mkato huo ndio unaoifanya ichekeshe badala ya kutisha, na mimi mwenyewe nimeutumia mara nyingi kazini.

Ninayoipenda kuliko zote ni The Cat Concerto ya mwaka 1947. Tom, amevaa suti ya jukwaani, anapiga Rapsodi ya Kihangaria Namba 2 ya Franz Liszt, mtunzi wa karne ya kumi na tisa, na Jerry amelala ndani ya piano, juu ya vile vinyundo vinavyogonga nyuzi. Kila kidole cha Tom kinaposhuka, kinyundo kinamrusha panya. Hapa mpangilio umegeuka, kwa sababu muziki ulikuwapo kabla ya wachoraji wote kuzaliwa, na ilibidi ugomvi mzima uchorwe kuufuata.

Zilikuwapo pia zile tulizoziita za ajabu, bila kuweza kueleza kilichotusumbua. Ni filamu 13 za Tom na Jerry ambazo mtengeneza katuni Mmarekani Gene Deitch alizitengeneza Prague, Chekoslovakia, mwanzoni mwa miaka ya sitini, kwa bajeti ndogo. Sauti zake zimejaa mwangwi, kana kwamba Tom anapigwa sufuria ndani ya tangi tupu la maji, na muziki haumshiki mhusika hatua kwa hatua. Sizibezi, kwa maana zina ubunifu wake, ila masikio yetu yalikuwa yamekwisha kufundwa na Bradley.

Juzi niliweka The Cat Concerto sebuleni, nikaufunika uso wa televisheni kwa khanga ili nisikilize muziki tu. Mwanangu wa miaka sita, ambaye hajawahi kuiona, alikuwa chumbani akichora. Ilipofika pale Jerry anapoangusha kifuniko cha piano juu ya vidole vya Tom, nilimsikia akicheka, kisha akaita: "Baba, nani ameumia?"